JE, MSIBA HUU NI WA NANI?



Mimi ni karani wa parokia. Nilisomea ualimu chuoni, lakini kazi niliyoipata ni ya kalamu na mihuri, na huu ni mwaka wa saba nakaa katika chumba kidogo kilicho kando ya sakristia. Mle chumbani mna kabati la vitabu vikubwa: kitabu cha Ubatizo, cha Kipaimara, cha Ndoa, na cha mwisho ni kitabu cha Marehemu. Vile vitatu vya kwanza watu huviulizia kila wiki, maana huyu ataka kuoa, yule ataka kumpeleka mtoto seminari. Kile cha nne ni nadra mtu kukiulizia. Kila aliyezikwa ana mstari wake mmoja: jina, umri, wazazi au mwenzi wa ndoa, kigango, sakramenti alizopokea, siku ya kufa, mahali alipozikwa na jina la aliyemzika.

Leo nataka kukueleza habari ya mstari mmoja ulio katika kitabu hicho, na ya mstari mwingine usiokuwamo.

Ilikuwa mwezi wa Machi, mvua nyingi, mahindi yamefika kiunoni. Saa mbili asubuhi kijana mmoja aliingia ofisini, suruali yake imelowa matope hata magotini. Akavua kofia. "Shikamoo mwalimu," akasema (wengi huniita hivyo mpaka leo). "Baba amefariki usiku."

Nikampa pole, nikavuta karatasi, nikamwuliza kigango chake na jumuiya yake. Halafu nikauliza neno lile niliulizalo kila mtu: "Barua ya mwenyekiti wa jumuiya iko wapi?"

Akainama. "Mwenyekiti amekataa kuandika, mwalimu. Amesema baba hakuwa mtu wa jumuiya. Amesema hakuzika watu, basi naye asizikwe na watu."

Nikafungua daftari la zaka. Kweli, mstari wa mzee yule ulikuwa mweupe miaka minane. Paroko alikuwa safarini katika kigango cha mbali ambako simu haishiki. Basi mimi, kwa kuwa nilipenda mambo yaende kwa utaratibu, nikamwambia yule kijana arudi akapatane kwanza na mwenyekiti, ndipo aje tena na barua. Ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, na siku ile hata bodaboda hazikupita kwa matope. Hakubisha. Alivaa kofia yake, akatoka. Mimi nikaendelea kuandika cheti cha ndoa cha watu wengine.

Kosa hili nimekwisha kuliungama, kwa hiyo sioni haya kuliandika hapa.

KILIO HAKIBISHI HODI

Wewe unayesoma wajua desturi yetu kuliko niwezavyo kuieleza, lakini twende pamoja polepole, kwa maana mambo tuliyoyazoea tangu utoto hatuyaangalii sana.

Mtu akikata roho, kilio kikasikika, hakuna anayengoja kualikwa. Arusi ina kadi, msiba hauna. Jirani anaacha jembe shambani. Akina mama wanakuja na ndoo za maji, unga, maharage na kuni kichwani, nao wanaingia moja kwa moja jikoni kwa mfiwa, wanashika sufuria bila kuuliza. Wanaume wanatandika jamvi nje, wanawasha moto, vijana wanatafuta sururu na chepe. Mfiwa mwenyewe hapiki, hateki maji, hafagii. Kazi yake ni kulia. Na watu wanakaa. Wengine hawasemi neno toka jioni hata alfajiri. Wamekuja kukaa tu, na kukaa kwao ndiko rambirambi yenyewe.

Usiku Rozari inasaliwa, nyimbo zinaimbwa, na mahali fulani pa usiku huo mtu mmoja ataeleza kisa cha marehemu cha kuchekesha, na watu watacheka, hata mjane atacheka, kisha atalia upya. Nimeona jambo hili mara nyingi, wala silioni kuwa ni utovu wa adabu.

Pwani wasema "kuweka matanga" na "kuanua matanga". Ndugu zetu Waislamu huzika mapema, siku ileile ikiwezekana. Wengi wao husoma arobaini, na mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Bara kila kabila lina yake: huku watu hunyoa nywele, kule hufagia majivu siku ya tatu. Wachaga na Wahaya huwazika wapendwa wao katika migomba ya nyumbani, ili wafu wasilale mbali na walio hai. Desturi ni nyingi, walakini shabaha yake ni moja: mtu asibaki peke yake na kaburi.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya Waafrika tu. Ukifungua Maandiko, utaona Wamisri walimlilia Yakobo siku sabini, na wanawe wakamfanyia maombolezo ya siku saba njiani walipokuwa wakimpeleka kumzika. Wana wa Israeli walimlilia Haruni siku thelathini, na Musa siku thelathini. Tobiti aliacha chakula chake mezani akaenda kumchukua maiti aliyetupwa sokoni, naye alijua kwamba kwa kuzika watu aliwahi kunyang'anywa mali yake yote. Na Bwana wetu alipofika Bethania, Lazaro alikuwa kaburini siku nne, na nyumba bado ilikuwa imejaa majirani waliokuja kuwafariji Martha na Maria. Siku ya nne! Sisi siku ya nne tuko wapi? Wengi wetu tumekwisha kukunja turubai.

Kanisa nalo tangu zamani lilihesabu siku. Katika Misale ya Kilatini kulikuwa na Misa ya wafu ya siku ya tatu, ya saba na ya thelathini, na ya mwaka. Siku ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba, ilienea kutoka monasteri ya Cluny huko Ufaransa, ambako abate Odilo aliiweka karibu na mwaka 998. Papa Benedikto wa Kumi na Tano, mwaka 1915, wakati wa vita kuu ya kwanza, aliwapa mapadre wote ruhusa ya kusoma Misa tatu siku hiyo, kwa kuwa wafu walikuwa wengi mno. Na ibada ya mazishi iliyotengenezwa upya mwaka 1969 ina vituo vitatu: nyumbani, kanisani, kaburini. Maji ya baraka yanayonyunyizwa juu ya jeneza ni ukumbusho wa ubatizo wa marehemu, na ubani unafukizwa kwa kuwa mwili ule ulikuwa hekalu la Roho Mtakatifu. Mtoto akikuuliza kwa nini padre anazunguka jeneza na chetezo, usimwambie "nyamaza", mwambie hayo.

Mwaka 2020, ulipoenea ugonjwa wa korona, dunia ilionja kukosa mambo haya. Katika mji wa Bergamo, Italia, mwezi wa Machi, magari ya jeshi yalibeba majeneza usiku kuyapeleka miji mingine, na wana hawakuruhusiwa kuwasindikiza wazazi wao. Jirani zetu Kenya waliamriwa mazishi yawe ya ndugu wa karibu tu. Watu waliozikiwa hivyo hawakumaliza kulia. Kilio kilibaki kifuani kama chakula kilichokwama kooni.

Bali pale ambapo msiba ni mkubwa kuliko nyumba moja, tumeona nchi nzima ikikaa jamvini. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, wengi walizikwa pamoja pale Igoma, Mwanza, na mpaka leo watu hukusanyika pale kuwaombea. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na gati la Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 220 walikufa, na taifa likaomboleza siku nne. Huko Ukara viongozi wa dini za Kikristu na za Kiislamu walisali kwenye makaburi yaleyale. Hakuna aliyeuliza nani alikuwa na barua.

KATIKA NJIA PANDA

Narudi kwa mzee wetu. Saa saba nilikwenda nyumbani kula. Nikamsimulia mke wangu habari ya yule kijana, kama vile mtu asimuliavyo habari ya mvua. Aliweka upawa chini. "Baba Agnesi," akaniambia, "na marehemu amelala na nani sasa hivi?" Sikuwa na jibu. Alijifunga kanga ya pili, akachukua unga kibaba mbili, akatoka bila kunisubiri. Mimi nilimfuata nyuma, chakula nimekiacha, lakini si kwa wema kama Tobiti, kwa aibu.

Tulipofika karibu na saa kumi, hatukusikia kilio cha watu. Palikuwa na jamvi moja, nalo tupu. Nyuma ya nyumba yule kijana alikuwa akichimba, na shemeji yake, na katekista ambaye amevua shati na kuingia ndani ya shimo. Udongo ulikuwa mzito, na maji yalianza kujaa chini. Hatua mia mbili kutoka pale, katika njia panda yenye duka, wanaume kama ishirini walisimama wakitazama. Hawakucheka wala hawakusema. Walisimama kama watu wanaongoja basi.

Yafaa niwe mwadilifu: wanaume wale hawakuwa watu wabaya. Katika vijiji vingi kuna sheria isiyoandikwa, kwamba asiyekwenda kuzika wenzake atatozwa faini, au atasusiwa. Sheria hiyo ina maana yake. Kaburi halichimbwi na mtu mmoja, na kama kila mtu angesubiri mwenzake aende, wafu wetu wangezikwa na nani? Kususia ni fimbo ya kijiji. Lakini fimbo hii ina ajabu yake: anayepigwa hasikii tena, na maumivu yote huwapata mjane na watoto.

Tulipokuwa tumesimama, alitokea mama mmoja kwa njia ya mtoni, ndoo ya maji kichwani. Mumewe alikufa miaka miwili kabla, na mzee huyu, aliyekaa jirani naye, hakuja kumzika. Kijiji kizima kilijua hivyo. Alipofika njia panda hakutua ndoo. Aliwageukia wale wanaume, akasema, nami nilisikia kwa masikio yangu: "Hapa mwenye deni ni mimi. Mume wangu ndiye hakuzikwa naye. Mimi nimekuja. Ninyi wenzangu mnadai nini?" Kisha akapita, akaenda kwa mjane, akatua maji.

Mtu wa kwanza kutoka dukani alikuwa kijana mdogo. Alikimbia, nadhani ili asionekane. Kisha wawili, kisha wengine. Saa kumi na mbili kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa na kingo zake kunyoshwa. Mwenyekiti wa jumuiya alikuja mwisho, daftari la rambirambi kwapani. Alikaa nalo usiku kucha wala hakulifungua.

FITO JUU YA DARI

Walipotaka kupima urefu wa kaburi, mjane alisema, "Fito yake iko juu ya dari." Ikaletwa. Ilikuwa fito nyeusi, laini kwa kushikwa, yenye alama zilizochongwa kwa kisu. Wazee waliitambua mara moja. Mzee yule ndiye aliyekuwa mpimaji wa makaburi ya kijiji kile kwa miaka zaidi ya ishirini! Mimi ni mgeni wa juzi, sikujua. Hapana msiba uliopita bila yeye na fito yake, mpaka siku moja, miaka minane iliyopita, alipoipandisha darini.

Usiku ule, pale motoni, binti wa marehemu alitueleza sababu. Miaka minane iliyopita alijifungua mtoto wa kike kabla ya siku zake. Mtoto aliishi usiku mmoja, akafa kabla hajabatizwa. Wakamwita mwenyekiti wa wakati ule. Akajibu kwamba mtoto asiyebatizwa hana jina, na asiye na jina hana msiba. Hapana haja ya jumuiya kukusanyika. Watu wakakaa makwao. Babu alichimba kaburi mwenyewe chini ya mwembe, akalipima kwa fito yake, shubiri chache tu, akamzika mjukuu, yeye na binti yake wawili peke yao. Kisha akaipandisha fito darini. Hakumgombeza mtu. Hakwenda tena.

Mimi nilikaa nikitazama moto. Nilikuwa nimeona miaka minane myeupe katika daftari, nikadhani nimeona yote.

KANISA LASEMA NINI

Kwa kuwa jambo hili laweza kutokea kijijini kwako, nakueleza kwa ufupi yale niliyofundishwa na paroko, naye alinionyesha katika kitabu cha Sheria za Kanisa cha mwaka 1983.

Mkristu aliyefariki ana haki ya maziko ya Kanisa. Wanaonyimwa ni wachache, nao wametajwa: walioiacha imani wazi, wazushi na waliojitenga na Kanisa, waliochagua kuchomwa moto kwa sababu zinazopinga imani, na wenye dhambi zilizo wazi ambao maziko yao yangeleta makwazo, na hao nao, wakionyesha dalili ya toba kabla ya kufa, hawanyimwi. Kukiwa na shaka, aulizwe Askofu. Katika orodha hiyo sikuona mahali palipoandikwa "asiyelipa zaka", wala "asiye na barua". Tena imeandikwa kwamba maskini wasinyimwe maziko yanayostahili kwa ajili ya ukosefu wa sadaka. Mkatekumeni huhesabiwa pamoja na waamini katika mambo ya maziko. Na watoto ambao wazazi wao walikusudia kuwabatiza, wakafa kabla, Askofu aweza kuruhusu wazikwe kwa ibada ya Kanisa; ibada ya mwaka 1969 imewawekea hata sala zao. Mwaka 2007 tume ya wataalamu wa teolojia huko Roma, kwa kibali cha Papa Benedikto wa Kumi na Sita, ilitoa maandishi juu ya watoto hao, ikasema kuna sababu za kutumaini kwamba Mungu huwaokoa. Basi nani alimfundisha mwenyekiti yule kwamba hawana msiba?

(Nawe mama msomaji, kumbuka: mtoto akiwa katika hatari ya kufa, mtu yeyote aweza kumbatiza, hata mkunga, kwa kummiminia maji kichwani na kutaja maneno ya ubatizo, akiwa na nia ya kufanya alitendalo Kanisa. Usingoje padre.)

Jumuiya zetu ndogo ndogo, ambazo Maaskofu wa Afrika Mashariki walizikazia walipokutana Nairobi mwaka 1976, ni kitu kizuri sana. Bila hizo wafiwa wengi wangelala peke yao. Lakini jumuiya iliundwa iwe jamaa, si kituo cha kodi. Na hapa nataja jambo jingine linaloniudhi: kule kusoma rambirambi kwa sauti mbele ya jeneza, fulani shilingi kadhaa, fulani kadhaa. Mwenye elfu moja ajificha wapi? Nimewajua watu walioshindwa kuja msibani kwa sababu hawakuwa na kitu cha kusomewa. Daftari liandikwe, ndiyo, ili familia ijue nani wa kushukuru. Lisomwe ndani, na wenye msiba. Na karamu za kuanua matanga, ng'ombe wawili, muziki wa kukodi, deni ambalo mjane atalilipa misimu miwili, hizo nitaziandikia siku nyingine, maana hasira yangu juu yake ni ndefu.

Paroko alifika asubuhi yake kwa kutumiwa mtu. Alisoma Misa kigangoni, akamzika mzee. Kaburini watu walitupa udongo mmoja mmoja, na mstari ulikuwa mrefu, ukafika njia panda. Jioni nilirudi ofisini, nikaandika mstari wake katika kitabu.

Ofisini kwetu barua ya jumuiya bado inaulizwa. Lakini siku hizi inaulizwa baada ya mazishi, na anayeitafuta ni mimi, kwa miguu yangu.

Novemba ilipofika paroko alikwenda kule kijijini tarehe 2, akasali chini ya mwembe pale ambapo hapakuwa na msalaba. Kabla ya hapo binti alikuja ofisini pamoja na wengine wanaoleta majina ya marehemu wao ili yasomwe katika Misa. Alitaja la baba yake. Kisha akabaki amesimama. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama naweza kuandika jina la mtu ambaye hayumo kitabuni. Nikamwambia nitajie. Akasema alimpa mtoto jina usiku ule mmoja, na hakupata kulitamka mbele ya mtu tangu siku ile. Alilitamka mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza sikulisikia vizuri.

Niliyesoma orodha siku ile ni mimi. Nilisoma la babu, nikasoma la mjukuu, na watu wakaitika kumwombea. Mwenyekiti alikuwa katika benchi la pili. Aliitika naye.